Chumvi Kwenye Sabuni ya Zaituni

Mjukuu wangu Rehema, salaam nyingi. Hapa Cibitoke tuko wazima, na mama yako kapona malaria.

Umeniuliza kama nimewahi kuona sodiamu ya chumvi ikiifukuza potasiamu ya majivu kwenye sabuni laini na kuigandisha. Nimeiona, kwa sababu ya wivu wangu. Ujanani mimi na jirani yangu Zaituni tulipika sabuni ya mawese kwa maji ya majivu. Yake na yangu zilikuwa laini kama uji, lakini wateja walimpenda yeye. Siku moja nikamwaga chumvi kwenye sufuria yake, sabuni iharibike. Ikaganda! Akaikata vipande vizuri, soko zima likamkimbilia.

"Apana, dada, mi sijui nimefanya nini," alinijibu nilipomuuliza siri yake. "Ni Mungu tu."

Mpaka leo hajaweza kuigandisha tena. Siri ninayo mimi, lakini nikitia chumvi sabuni yangu, atajua ile ilikuwa kazi yangu.

Bibi yako