Kiwanja Nyuma ya Depo ya Kahawa

Siku ya yenga, 1 Oktoba

Kanisa. Nyimbo, sadaka, kisha matangazo. Pasta alisoma ya ndoa, ya bagonjwa, ya kwaya yetu ya bamama. Kisha akatoa karatasi ya biro ya Meri, mukubwa wa muji, na sauti yake ikashuka. Soko ya Butembo itapanuliwa. Itafika mupaka ku kiwanja nyuma ya depo ya kahawa. Siku ya posho, ile ya mbele ya yenga, ni salongo ya kartie yote, kazi ya bure kwa muji. Kila nyumba mutu moja na jembe yake.

Hakuna mutu alisema amina.

Kambale, mudogo wangu, mwalimu wa zamani, alikaa ku kiti ya mbele juu yeye ni shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu. Aliangalia biatu byake mupaka baraka ya mwisho.

Nilirudi kwa njia ya mutoni. Ni murefu, lakini haipite ku kiwanja.

Siku ya pili, 3 Oktoba

Nilishona kanzu ya bibi-arusi. Kura ya umeme hakuna. Mashini yangu ni ya miguu, haiombe serikali kitu.

Meri huyu ni wa tatu tangu vita. Hatukuchagua hata moja. Bakubwa ba mouvement, baasi benye kututawala, banamutuma toka Beni. Anafika na gari na basoda, anasema développement, anaondoka na magodoro ya nyumba ya serikali. Mwingine anakuja. Anaanza kwa kutafuta magodoro.

Beni banaamuru, Butembo inalipa. Ndiyo politique yetu. Barabara inatengenezwa na bakomersa, benye maduka na malori. Mouvement inatengeneza paka bariyeri tu. Mama anatoka Musienene na kitunga ya maharagi ku mugongo, anaacha sehemu ku bariyeri ya kwanza, sehemu ku ya pili. Anafika soko na kitunga nyepesi na hasira nzito.

Naandika haya yote juu sitaki kuandika ya kiwanja.

Siku ya tatu, 4 Oktoba

Basi niandike.

Mwaka jana, asubui, Mai-Mai, bapiganaji benye kupinga mouvement, baliingia muji. Balipiga masasi ya bunduki, mbele ya jua kukamata nguvu balikuwa bamesharudi ku milima. Kisha basoda ba mouvement bakaanza kupita mu nyumba zetu. Balitafuta Mai-Mai. Hawakubapata. Balikamata banaume benye balikuwa mu njia.

Paluku, bwana yangu, alikuwa ametoka kupeleka gurudumu kwa fundi. Alikuwa dereva wa lori ya baba Zaina, jirani yetu Mwislamu. Alikuwa na Issa, mwana mukubwa wa jirani, mwanaume wa kuoa. Balipelekwa na bengine nyuma ya depo. Kwanza masasi mingi, kisha moja moja. Kisha soda akasimama pale na mutu hakuruhusiwa kupita.

Bengine balisema hapana, bamepelekwa Beni, ku jela. Nilienda Beni. Soda alisema hakuna jina ile. Sikumuamini. Nilirudi tena. Akasema vilevile.

Donc Paluku hakufa na hakurudi. Kambale akihesabu batu ba kartie, naandikisha tuko bawili. Asubui nikiwasha makala namusikia anakohoa ku barza. Kikohozi yake ya tumbaku. Nasimama na kibiriti mu mukono. Sitoki kuangalia. Ninaogopa kukuta mutu, ninaogopa kutokuta mutu.

Siku ya ine, 5 Oktoba

Kambale alikuja. Hakukaa.

« Yaya, siku ya posho ukuje na jembe kama bengine. »

« Unajua nini iko pale. »

« Najua. Mais nikikataa, batanitosha ku kazi, bataweka mutu mubaya kuliko mimi. »

« Sasa ubaya gani itabakia yeye kufanya? »

Alitoka bila kuaga. Aliacha sukari ku meza. Nilichukia sukari ile. Jioni nikaitia mu chai.

Siku ya posho, 7 Oktoba

Nilienda. Nilisema mu roho ni juu ya amri. Hapana. Nilienda kuona.

Mvula ilikuwa imenyesha, udongo ulikuwa laini. Tulikuwa batu mingi, na bote tulilima ku kando. Katikati majani ilibaki imesimama, murefu, ya kijani kupita kila mahali. Ilisikika majembe tu.

Meri alifika na gari. Akasema ya soko ya kisasa, ya paa za mabati, ya Butembo kuwa muji kama miji mingine. Akauliza juu ya nini katikati haijalimwa. Meri akaamuru banaume ba nyuma baingie.

Jembe ya fundi wa baisikeli ikapanda na nguo. Akavuta. Nguo ikakuja na kitu ndani yake.

Mama Zaina, mama ya Issa, alilia sauti moja. Sijawahi kusikia sauti ile kwa mutu. Basoda bakapiga masasi juu. « Bolongwa awa! Bolongwa! » Ni Lingala yao, mutoke hapa. Batu bakakimbia, majembe ikabaki chini.

Mimi sikukimbia. Donc niliona Kambale akivua koti yake, ile ya harusi, mbele ya Meri na basoda. Akapiga magoti mu matope, akaifunika mifupa ile, taratibu, namna unamufunika mutu mwenye kulala.

Siku ya yenga, 8 Oktoba

Kanisa ilijaa. Kwaya ilisimama kuimba. Hatukuweza. Tukakaa.

Mikono yangu inanuka udongo. Nimeinawa na majivu.

Siku ya kwanza, 9 Oktoba

Meri alisema ku redio. Eti mifupa ni ya zamani, ya batu ba wakati ya Babeleji. Eti hakuna sababu ya kuogopa. Kazi itaendelea siku ya posho.

Mifupa ya zamani haivae suruali ya jean.

Kikohozi leo asubui ilikuwa karibu sana. Ku mulango. Nilisema kwa sauti, « Paluku, ngoja. » Kisha nikaogopa sauti yangu mwenyewe.

Siku ya tatu, 11 Oktoba

Bamemukamata Kambale.

Aliitwa ku biro. Meri alimuambia apite nyumba kwa nyumba kuita batu ba salongo. Akasema hapana. Mulinzi wa biro ni mutu wa kanisa letu, yeye ndiye aliniambia. Kambale alisema: « Meri, niko nakuheshimu, lakini sitabaita batu balime ndugu zao. » Bakamuweka mu gari, njia ya Beni.

Mimi nilimutupia maneno mubaya, na maneno ile ndiyo ya mwisho amesikia kwangu. Mama yetu alikufa akiniambia nimuangalie. Sasa Beni imewachukua bawili.

Siku ya ine, 12 Oktoba

Mama Zaina alikuja na uji. Tangu mwaka jana tulikuwa tunasalimiana tu. Kila moja aliogopa kumuuliza mwenzake. Leo tulikaa ku kitanda yangu kama basichana. Akasema, « Mimi sitaki kusikia tena eti mwanangu iko jela. Nataka kumuzika. » Alisema hivi tu, kisha akanipa kijiko.

Anasema bwana yake ataongea na bakomersa bengine kesho kisha ya sala ya musikiti. Mimi nikasema nitaongea na bamama ba kwaya.

Siku ya tano, 13 Oktoba

Tumesikilizana. Kesho hakuna duka itafunguliwa, hakuna lori itatembea, mupaka Kambale arudi na mupaka bafu bazikwe. Bislamu balikubali ku musikiti. Bakomersa ba kanisa zote balikubali pia. Bengine balikubali juu ya bafu, bengine juu ya kuchoka na bariyeri. Haifai kitu kuuliza roho ya kila mutu.

Bamama tutaenda kukaa ku kiwanja. Banaume habataenda. Banaume banakamatwa.

Ninaogopa.

Siku ya posho, 14 Oktoba

Muji umefungwa. Hata mwenye kuuza ndizi ku kona hakutandika gunia yake.

Tulikaa chini mu majani, katikati, kule mutu hakuweza kulima. Bamama ba kwaya, bamama ba Kislamu na mitandio yao, na bengine benye sikubajua. Basoda balituzunguka. Moja alikuwa kijana, alishika bunduki kama anataka kuitupa.

Meri alikuja. Alisimama mbele yangu, sijui juu ya nini mimi. Pengine juu ya uzee.

« Nani amebatuma hapa? »

« Bwana yangu, » nikasema.

« Bwana yako ni nani? Aje yeye mwenyewe, tuseme kiume. Iko wapi? »

« Iko chini ya biatu byako. »

Sikupanga kusema vile. Sikuwahi kusema vile, hata mu maombi. Ilitoka, na nikajua kwamba ni kweli, na kwamba niliijua tangu masasi ile ya moja moja.

Meri aliangalia chini. Akarudisha muguu moja nyuma. Kisha ya pili. Akatafuta mahali pa kuikanyaga na hakupata. Akarudi ku gari akitembea na vidole, kama mutu mu matope.

Hakuna mama alicheka.

Siku ya pili, 17 Oktoba

Bado muji umefungwa. Kimya mubaya. Unasikia mutoto akilia toka kartie ingine. Malori yamesimama mupaka Kirumba, na mboga inaoza. Mama moja wa Musienene alituletea biazi ku kiwanja, akasema bariyeri haina mutu wa kulipisha, basoda banalala.

Ndiyo hapo Beni balisikia. Kilio habakusikia. Bariyeri kukauka, balisikia.

Tunakaa kwa zamu. Leo nilikaa mu mvula na Mama Zaina, tumejifunika na nailo moja. Aliniambia namna Issa alizaliwa miguu mbele. Nilimuambia namna Paluku alikuwa anaimba akiendesha, mubaya sana, na lori yote kujaa. Tulicheka. Pale juu yao. Pengine ni zambi. Nyamuhanga, Mungu wetu, anajua.

Siku ya ine, 19 Oktoba

Kambale amerudi.

Bakubwa ba mouvement balikuja kuongea na bakomersa, bakamushusha ku rond-point kama muzigo. Anatembea na pande moja. Sikio ya kushoto haisikie kitu. Alikataa nimuoshe mugongo, kisha akakubali. Sitaandika mugongo ile.

Nilimuomba musamaha ya maneno ya siku ile. Nilisema ku sikio mubaya, sikujua. Akageuka. « Unasema nini, Yaya? » Ikabidi niseme tena, kwa sauti. Ni vigumu kuomba musamaha mara mbili.

Basi mapatano ni hivi. Soko haitajengwa pale. Bafu bazikwe. Kambale si shefu tena. Na mutu asiseme nani aliua.

Nilikasirika kwa hii ya mwisho. Baba Zaina alisema, « Mama, tumepata kuzika. Tuzike kwanza. » Ana haki. Bado nimekasirika.

Siku ya posho, 21 Oktoba

Tulibazika leo.

Banaume balichimba na mikono kuliko majembe. Tulibaweka ku mashuka yenye bamama balileta toka nyumba zao, mashuka ya maua, ya mistari, moja ya mutoto. Kila mutu aliruhusiwa kupita kuangalia kama atajua wake.

Nilipita taratibu. Niliangalia meno, vifungo, mikaba ya suruali. Sikumujua. Mvula ya mwaka muzima ilikuwa imefanya bote ndugu. Mama Zaina naye hakumujua Issa. Alirudi nyuma yangu, akaangalia mara ya pili, kisha akanishika mukono.

Kaburi moja, murefu. Pasta aliomba, kisha imamu. Pasta akasema wenye kupoteza mutu batie udongo kwanza. Mwaka muzima banauliza kama mimi ni mujane, na mimi nanyamaza. Nilitoka mu kwaya nikaenda mbele. Udongo ulikuwa baridi. Niliutia.

Kwaya ikaimba. Leo iliweza.

Siku ya ine, 2 Novemba

Maduka yamefunguliwa. Bariyeri pia. Banasema Meri ataitwa Beni, atapewa kazi ingine kubwa kuliko hii. Sikushangaa.

Kambale anakaa kwangu mupaka mugongo upone. Leo alikaa inje mu jua, anaambua maharagi mabichi, sahani ku magoti. Shule ingine imemuambia arudi kufundisha, kama batoto batasema kwa nguvu.

Shefu mupya wa kartie alipita. Kijana mupole, jamaa ya mutu wa biro. Anahesabu batu ba kila nyumba. Alisimama ku mulango na kalamu, akasema ataandika paka benyeji, bageni hapana.

« Mama, hapa kwenu munaishi bangapi? »

« Mutu moja, » nikasema.

Aliandika. Akaaga vizuri. Kambale aliniangalia, sijui kama alisikia. Akasogeza sahani, akanifanyia nafasi ku ubao. Nikakaa. Maharagi yalikuwa mengi bado.