Nyar Amerika Amerudi Magunga

Mama,

Hapa nyumbani tuko wazima. Mahindi yameshika vizuri, na Baba ameanza kula bila kubembelezwa. Lakini ninakuandikia kwa sababu ya mgeni. Ruth amekuja.

Yule mwalimu wa hesabu ambaye serikali ya Amerika ilimleta shuleni kwetu nikiwa kidato cha pili, akakaa nasi miaka miwili. Ulimwita Nyar Amerika, binti wa Amerika, na Magunga yote ikakufuata. Baba alikuwa na wasiwasi. Alisema, "Hawa hutumwa ili tuipende nchi yao." Ukaendelea kupepeta mtama, ukamjibu, "Basi akirudi kwao, naye awe ameipenda yetu." Ukamfundisha Dholuo, lugha yetu. Ukamfundisha kuosha omena, dagaa wa ziwani kwetu, mpaka uchungu uishe. Alipougua malaria ulikesha naye.

Sasa mambo yamebadilika, Mama. Pesa za msaada wa Amerika zilikatwa, na kliniki ninayofanyia kazi ikapoteza wahudumu wengi. Watu wana hasira. Kwa hivyo Ruth aliposhuka kwenye bodaboda pale sokoni, niliogopa. Mama mmoja muuza samaki alimuuliza, "Nyinyi mmerudi kuchukua nini tena?" Ruth akamjibu kwa Dholuo, na lafudhi ilikuwa yako kabisa, "Safari hii sijatumwa na mtu. Nimekuja kumlilia mama yangu."

Yule mama aliweka chini kisu chake cha samaki, akamshika mkono. Akamwita nyarwa, binti yetu. Akatusindikiza mpaka nyumbani.

Ruth alilia kaburini kwako mpaka Baba, Baba mwenyewe, akamletea kiti. Alituambia amewaandikia viongozi wa kwao kuhusu kliniki yetu, hawajamjibu. Baba akasema, "Serikali ni serikali. Mtoto ni mtoto." Kisha Ruth akaingia jikoni kwako, akapika omena, akazidisha chumvi. Tulikula yote. Baba akacheka; sikuwa nimemsikia akicheka tangu tukuzike.

Kliniki bado tunaifungua kila asubuhi, sisi tuliobaki. Ni ngumu, lakini wagonjwa wanakuja, na mimi nimetulia moyoni.

Kabla hajaondoka, Ruth alimwomba Baba ruhusa: ana binti mdogo, anataka kumwongezea jina lako. Baba amekubali. Kwa hivyo sasa kuna Akoth huko Amerika, Mama.

Pumzika. Nakuahidi, siku atakapokuja nitamshika mkono nimpeleke ziwani, nimsimulie habari zako kwa Dholuo mpaka aelewe.

Mwanao,
Atieno