Nyanya za Kaka

11 Agosti

Wifi yangu,

Habari za huko wodini? Kaka ameamkaje? Sisi huku tu wazima, ila jua linatuchoma kama linalipa kisasi.

Kuhusu tuta lenu pale bustani ya mtaa, ondoa wasiwasi. Zamu zenu za kumwagilia, Jumatatu na Alhamisi, nimezibeba mimi. Saa kumi nafunika cherehani, nachukua ndoo, naenda. Kisima kimeshuka, kila tuta linapata ndoo tatu tu. Yule katibu wetu, Bwana Zamu, juzi kanisimamia na daftari lake: "Mwenye tuta akikosa zamu mbili, tunampa mwingine."

Nikamwambia, "Mwenye tuta yuko hospitali, hajaenda harusini. Niandike mimi." Akaandika.

Mwambie kaka nyanya zake zimetoa maua. Nimezifunga kwenye vijiti kwa vipande vya vitambaa. Zimependeza kuliko wateja wangu.

Wifi yako


20 Agosti

Wifi mpenzi,

Salamu zimefika, tunashukuru. Barua nimemsomea kitandani. Pale kwenye wateja wako alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. Tangu tuje hapa alikuwa hajacheka. Miguu imevimba, chakula hakipiti, na hii dawa mpya sioni ilichofanya. Ila akifumbua macho tu: "Dada ameandika?" Ukichelewa, ananuna kama mtoto. Wodi nzima inazijua hizo nyanya. Fundi mwashi wa kitanda cha pili ameshaahidiwa kikapu.

Andika, wifi, hata mistari miwili.

Wifi yako


3 Septemba

Wifi,

Mnaendeleaje? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haina raha. Nimechelewa kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Kisima kimekauka. Tulikutana wote tukakubaliana kuchota kule bombani kwa zamu, ndoo moja kwa kila tuta. Langu nikaliacha life, ndoo yangu nikazipa nyanya za kaka. Wiki nzima, wifi. Hazikushika. Majani yalijikunja, vitunda vikadondoka havijafika hata ukubwa wa kifungo. Jana Bwana Zamu alikuja bila daftari, akanisaidia kung'oa. Bustani yote ni vumbi, watu wameacha hata kufika.

Nisamehe. Labda umfiche tu. Wewe ndiye uliye naye, utajua.

Wifi yako


12 Septemba

Wifi,

Natumaini u mzima. Habari za msiba mjomba alikuletea. Hili nakuandikia, mjomba halijui.

Barua yako ilifika Jumapili. Kaka yako ndiye aliyeiona bahasha kwanza. "Soma, soma." Barua zako zote nilimsomea papo hapo, sikuwa na desturi ya kuzipitia peke yangu. Nikaanza. Nilipoona inakoelekea nilitaka kuruka, lakini alikuwa ananitazama mdomoni. Nikasoma yote, hata pale uliposema nimfiche.

Akasema, "Basi." Akageukia ukutani.

Mwashi alimsemesha, akavuta shuka hadi begani. Uji nilimpelekea mdomoni, akaufunga. Siku mbili hakuniuliza chochote, hata kama kumekucha. Jumanne asubuhi nikamkuta amekwenda, uso bado uko ukutani.

Daktari anasema ugonjwa ulikuwa umefika mwisho, barua haiui mtu. Namwamini. Lakini nimeishi na mtu yule miaka ishirini na sita, na neno lake la mwisho kwangu ni lile "basi".

Sikulaumu. Ulisema kweli, ukaniachia mimi, nami nikashindwa. Ila bahasha yenye mwandiko wako sitaweza tena kuifungua. Nimeamua kubaki huku kwa dada yangu. Vitu vyetu vya nyumbani gawa, tuta mpe anayelitaka.

Usinijibu.

Mke wa kaka yako