Mama Ndiye Aliyefaulu Baiolojia

Kisarawe, Jumanne

Mdogo wangu Abdulkadiri,

"Wanafunzi thelathini na wanane kati ya arobaini wameelewa usagaji wa chakula kwa simu tu, bila maabara." Hayo umeyaandika kwenye ripoti yako, umekaa zako Kibaha. Si kweli! Aliyeelewa ni mmoja, na ana miaka sabini na moja.

Sisi wazima. Mihogo imekubali.

Zile simu tano zenye programu yako ya masomo, ulizoleta shuleni, huwa nazichaji nyumbani. Jana alasiri nikamkuta Mama kavaa miwani, bado anaendelea kujibu maswali kwa jina la Zawadi, mwanafunzi wangu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nyamaza wewe! Mwanangu kahangaika na programu yake miaka miwili, leo watoto wa watu wamwaibishe? Wote nimewapitisha, isipokuwa wale wawili wasioniamkia."

Programu yako ukikosea inasema "jaribu tena". Mama kajaribu tena mpaka sasa ananisahihisha habari za kongosho tukila. Zawadi nimemuuliza ini liko wapi, akashika goti.

Nilicheka, kisha nikakumbuka bodi ya shule. Kwa ripoti hiyo, kikao chao cha Ijumaa kinageuza maabara yetu kuwa stoo.

Sasa wewe na wenzako mlioweka sahihi: iondoeni ripoti kabla ya Ijumaa, mje muwapime watoto wenyewe, nikiwa nimesimama hapo. Na Mama mletee mada ya umeme. Hii kaimaliza.

Dada yako asiyekuonea haya,
Mwanamvua