Fotei za Muhumba

Kasha, mwezi wa Rozari

Yaya wangu mupenzi Colombe,

Yesu na Mama yake wakukute salama, wewe pamoja na nyumba yako. Sisi huku tuko wazima, isipokuwa goti langu ambalo linajua mvua mbele ya mawingu. Mume wangu Honoré iko, anakula, anakohoa kidogo, hajui kama nakuandikia. Na wewe? Unalala? Presha imeshuka? Tangu Pascal wako alipotuacha, nakuombea kila asubuhi mbele ya kuwasha makala ya jiko. Ningekuuliza hayo yote ku simu, lakini simu yako siku hizi inapokelewa na Zagabe, ndugu ya marehemu, na anajibu kama karani wa ofisi: Colombe iko shambani, Colombe iko ku misa, Colombe amelala. Basi nimeshika kalamu. Binti yangu Gloire atakupatia barua hii mu mukono wako, si mu mukono wa mutu mwingine. Uisome peke yako, mulango umefungwa. Na ukae chini kwanza, kama bado uko na kitu cha kukalia.

Nikupashe habari za nyumba. Unakumbuka saloni yetu: kuta zenye moshi, benchi moja, na vile viti vya plastiki ambavyo mutu munene anakalia huku anasali. Mwaka huu shirika letu la kusali liliamua kama sanamu ya Bikira Maria itazunguka nyumba kwa nyumba mwezi wote wa Rozari, na jina letu likatajwa. Nilifurahi, kiisha nikaogopa. Mama wa Mungu atalala kwetu juu ya nini? Na watu watakaokuja kusali jioni, watakaa wapi? Maman Clémence, anayeongoza shirika, alinituliza kwa namna yake. Alisema Mungu anaangalia moyo, lakini yeye Clémence anaangalia fotei.

Nikaanza na kile nilichokuwa nacho. Chokaa nilichanganya na rangi kidogo ya buluu, nikapaka kuta mwenyewe, kitambaa kichwani. Rido za madirisha nilizitoa mu mashuka mawili ya zamani. Nilikata pale palipochakaa, nikayatia rangi mu sufuria, nikashona upindo mupana ili yaanguke vizuri. Sakafu niliisugua na vipande vya mishumaa nilivyoyeyusha na petroli kidogo, mpaka Gloire akateleza na kunishitaki kwa baba yake. Chupa nilizifunika na uzi, zikawa vyombo vya maua. Ilibaki fotei tu, vile viti vyenye mito, na fotei hazitengenezwi na mishumaa.

Hapo ndipo Honoré aliniambia nisiwe na wasiwasi. Yaya, unamujua. Mwanaume ambaye ukimuomba musumari anauliza kama wa zamani hauwezi kunyooshwa. Siku moja akarudi na ile kamionete ya tajiri wake, ambayo anabebea mboga, na ndani, chini ya bashe, ile turubai ya mvua, kulikuwa fotei mbili. Miguu imepakwa rangi nyeusi, bado inanata ku vidole. Migongo na makalio vimefunikwa kitenge kipya. Nikauliza zinatoka wapi. Akasema kuna watu wa ONG, wale wa misaada, ku Muhumba, mutaa wa matajiri, wanahama, wanauzisha vitu bei ya bure. Nikashukuru Mungu. Nikashukuru mapema.

Juma lililofuata akaleta zingine mbili. Kiisha meza ndogo. Kiisha kabati, nayo imepakwa rangi ya majani kama mulango wa butiki. Kila kitu kinafika kimefunikwa, rangi haijakauka, na yeye anapiga mluzi. Honoré hapigi mluzi, Yaya. Nikataka kufungua kitenge cha fotei moja ili nikifue, akanishika mukono, akasema niache, kitaharibika. Nguo gani inaharibika kwa kufuliwa? Tena simu ikalia, akatoka nayo mpaka ku migomba. Nilisimama nyuma ya rido yangu mupya. Maneno ya upande wa pili sikuyasikia, lakini ilikuwa sauti ya mwanamuke, na mume wangu alikuwa anaitika kwa upole, ndiyo, ndiyo, usiogope, hatajua.

Hatajua nani? Mu nyumba hii kuna miye na Gloire.

Nilifanya vile Mukristo anavyofanya, nilisali. Nilichukua maji ya baraka, nikanyunyiza fotei zote, mbele na nyuma. Honoré alinikuta, akaniuliza kama ninazibatiza, basi nichague na majina. Sikucheka. Tangu siku ile sikukaa juu ya fotei hata moja. Nilikaa ku benchi, naye ananiangalia kutoka ku fotei kama mugeni mu nyumba yake.

Ubaya wangu ni kinywa. Nilimueleza Maman Clémence, nikisema ni kwa ajili ya maombi. Akatikisa kichwa kwa muda murefu, kiisha akaniambia: mwanaume anayeleta fotei moja amepata bei. Anayeleta saloni nzima amepata mwanamuke mwenye saloni. Labda mujane, akasema, au ambaye mume wake iko mbali. Akaongeza kama atalifikiria mu sala zake, na nikajua kama sala zake zitapita pa kisima na pa soko mbele ya kufika mbinguni.

Nikapanda Muhumba. Honoré aliwahi kunitajia nyumba, karibu na mulango mukubwa mweusi. Nikamukuta sentineli anayelinda, nikamusalimia, nikamwambia niko dada ya aliyenunua fotei. Yule muzee akaniangalia kwa huruma. Akasema wenye nyumba wako, hawajahama, na fotei zao wanakalia mpaka leo. Nilishuka kwa miguu mpaka chini ili nisilie mu gari ya watu. Nilimuomba Honoré nije kukuona, nikutolee hayo machozi, akasema barabara ya kwenu Kavumu si nzuri siku hizi, ningoje. Kila mara nikitaja Kavumu, barabara inaharibika. Wakati yeye anapita pale kila siku na mboga.

Sanamu ikafika siku ya Mungu, na nyimbo na maua. Tukaiweka pembeni, juu ya ile meza ndogo. Saloni ilikuwa nzuri, Yaya, siwezi kukuficha. Watu waliingia wakaangalia kila pembe. Na miye, mwenye nyumba nzuri kuliko zote mu shirika, nilikuwa nasema Salamu Maria huku nahesabu wanawake wa Bukavu.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nafagia. Fotei moja ilikuwa imefunguka upindo pembeni. Nikachukua sindano nishone, hata kama ni ya muhalifu, Bikira iko anaangalia. Nikapiga magoti karibu. Na mukono ukasimama.

Ile mishono ilikuwa inalala upande mwingine. Ndogo, sawasawa, lakini imelala kinyume. Mu maisha yangu nimeona mutu mumoja tu anayeshona hivyo, na mama yetu alimupiga ku vidole mpaka akachoka, kwa sababu ya ule mukono wa kushoto. Nikaipindua fotei. Muguu wa nyuma, chini ya rangi nyeusi, ulikuwa umefungwa na bati. Nilikuwa pale siku Pascal aliufunga, nilishika taa. Nikaenda ku kabati, nikakwaruza rangi na ukucha, chini yake ikatokea ile nyekundu yako.

Nilikaa. Ndiyo mara ya kwanza nilikaa juu ya fotei ile. Kwanza niliwaza ubaya, Yaya, unisamehe. Mujane, Clémence alisema. Mwenye saloni. Niliwaza juu yako na mume wangu muda wote maharagwe yangu yalipochemka yakaungua. Kiisha nikawaza vizuri zaidi: siku ya kumaliza kilio cha Pascal inakaribia. Na nikakumbuka vile ndugu za marehemu walivyomufanyia Maman Mapendo, jirani yenu, siku ile ile ya kumaliza kilio: walikula nyama yake, wakatoka na kitanda chake.

Sikumwambia Honoré kitu. Nilitaka aseme yeye.

Jioni ile ile, watu wakiwa wameisha kukaa, tuko tunangoja kuanza Rozari, ni nani aliingia? Zagabe. Kutoka Kavumu mpaka Kasha, eti amesikia Bikira iko kwetu, amekuja kusali. Alishika rozari kama mutu anashika funguo za nyumba ya mutu. Tukamupisha, akaketi mu fotei ya Pascal, Yaya, ile ile ya muguu wa bati. Tulipofika fumbo la pili niliona mukono wake unashuka polepole chini ya kiti, unapapasa. Honoré alikuwa amesimama pa ukuta na birika ya chai, na uso wake ulikuwa umekauka kama ule ukuta. Hapo nilijua yote.

Tulipomaliza, Zagabe akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mutu:

“Mama Gloire, fotei nzuri sana. Mulizitoa wapi?”

Clémence aliangalia magoti yake. Kama ningesema soko, angeuliza soko gani. Kama ningesema Muhumba kwa watu wa ONG, angekwenda kama miye nilivyokwenda. Nikaona mukono wake unarudi chini, karibu na lile bati. Na nikasema:

“Shemeji, zinatoka kwa mwanamuke wa mume wangu. Shirika lote linajua, ni wewe tu ulikuwa hujui. Ukitaka kuzipindua ili uone jina lake, zipindue, lakini ungoje kwanza miye nitoke.”

Zagabe alitoa mukono chini ya kiti kama ameshika moto. Akaomba pole, akasimama, akatafuta kofia yake ambayo ilikuwa kichwani. Mutu gani atapindua kiti cha namna hiyo mbele ya mwenye kuumia? Maman Clémence alikuja akanikumbatia, akalia kuliko miye. Chai ilibaki. Na Honoré, mutu ambaye hajawahi kuniumiza, aliinamisha kichwa mbele ya shirika lote, akabeba hiyo aibu.

Watu walipoisha kutoka, alikaa chini. Akasema kama nilitaka kumupa mwanamuke, basi ningemupa hata wa hapa karibu, Bagira, kwa bei hii ya mafuta nani anapanda Muhumba. Kiisha tukalia wote wawili, na akanieleza. Vile wewe ulimuomba. Vile munatoa kitu kimoja kimoja chini ya majani ya sombe na kabichi, wewe unashona kwa mama jirani ambaye anakuazima na simu, na ile sauti ya ku migomba ilikuwa yako. Vile Zagabe na ndugu zake wameisha kugawana kwa maneno: huyu kabati, huyu fotei, huyu kitanda, na wewe mukeka na sufuria. Vitu ulivyonunua na maharagwe yako, na avoka zako, miaka yote ile pa barabara ya uwanja wa ndege, wakati Pascal, Mungu amupokee, alikuwa anasema fotei ni za watu wa serikali.

Akanieleza pia kwa nini hamukuniambia. Ulisema Agathe ni mudogo wako na unamupenda, lakini Agathe atatia jambo mu maombi ya shirika. Hilo limeniuma. Limeniuma zaidi kwa sababu ni kweli.

Sasa nikutolee lile ambalo limenifanya nishike kalamu. Sijakwenda kitubio. Nilimutupia mume wangu jina baya mbele ya Mama wa Mungu, na siku ya Mungu iliyopita kikapo cha matoleo, ambacho yeye anapitisha kila misa, walimupa mutu mwingine, bila kumwambia neno. Alikaa karibu na ukuta. Watu walipokwenda kukomunika, tulibaki tumekaa wote wawili, yeye juu ya sifa yake, miye juu ya zambi yangu, na wenye kupita walituangalia. Najua padri ataniambia nini: nirudishe jina la Honoré mbele ya wale walionisikia. Na siwezi, Yaya. Nikifungua kinywa leo, kesho Zagabe iko hapa na gari. Siwezi mpaka wewe umetoka pale.

Basi usikilize mudogo wako. Kitanda bado kiko kwako. Honoré alisema ni kikubwa, hakitapita. Nimeisha kumuita fundi, amevunja mulango wa nyuma na kuupanua. Majirani wameuliza, nikawajibu kama mwanamuke wa Muhumba atatuma na kabati ya nguo. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Kilete kabla ya siku ya kilio. Lakini usimutume Honoré nacho peke yake. Panda naye, ukae mbele, na kanga yako na vyombo vyako vya kupikia. Saloni yangu imejaa vitu vyako, kila mutu anaisifu, na wewe haumo. Utakuja, utaingia mu shirika, utakaa mu fotei ya mume wako, utaonyesha watu mishono ya mukono wako wa kushoto, na mumoja mumoja watajua ni nani yule mwanamuke. Siku ile ndiyo nitakwenda kitubio, na Honoré atarudishiwa kikapo chake.

Gloire anakukumbatia, hajui kilicho mu bahasha. Honoré atapita na mboga siku ya ine ya juma, atapiga honi mara moja tu. Umusalimie mama jirani anayekuazima simu, umwambie nimemuweka mu sala, za kimoyomoyo. Barua hii uitie mu moto, tena ukoroge majivu. Bikira akufunike mpaka tuonane.

Miye mudogo wako mwenye kinywa, sasa kimefungwa,

Agathe, Mama Gloire