Njia ya Nyamiaga na Jumapili Ambayo Agness Alikataa Kutoka

Ngara mjini. Jumapili jioni, mwezi wa kumi na moja.

Mvua ilikatika alasiri, na baridi imeshuka hapo hapo, ile ya huku kwetu inayopenya chini ya mlango. Watoto wamekula na wamekwenda kulala bila kusukumwa. Viatu vyetu vyote vimelowa, nimeviegemeza karibu na jiko la mkaa. Nimejifunga kitenge juu ya sweta, na nina furaha.

Naliandika neno hilo kwa uangalifu. Sijaliandika humu kwa muda mrefu.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Murusagamba. Niliishi Tanga miaka kumi na moja na mume wangu Elia, fundi umeme. Elia alifariki mwaka jana, siku ya Jumanne, akiwa kazini. Presha ilimwangusha mara moja, hakuamka. Mwaka huu uhamisho wangu ulipokubaliwa nikarudi Ngara na watoto wetu wawili, Agness wa miaka tisa na Beni wa miaka mitano.

Kule Tanga, Jumapili alasiri ilikuwa ya Elia na watoto. Waliteremka mpaka barabara ya ufukweni, wakatembea taratibu kuelekea Raskazone, wakanunua muhogo wa kuchoma, wakarudi na mchanga ndani ya soksi. Mimi nilibaki nyumbani nasahihisha madaftari. Nakiri kwamba nilizipenda zile saa mbili za ukimya. Sikuwahi hata kuwauliza walikuwa wanazungumza nini huko njiani.

Tulipofika huku sikutaka desturi yake ife. Bahari hatuna, lakini vilima tunavyo, na vijia havihesabiki. Nikaanza kutafuta njia ambazo mtoto wa miaka mitano anaweza kuzimaliza kwa miguu yake mwenyewe bila kudai kubebwa. Baadhi nimezisimulia humu. Ya kwenye mikaratusi ni fupi na ina kivuli. Ya kuteremkia bondeni ni tamu wakati wa kwenda, kurudi ni kilio. Ya Nyamiaga ndiyo naipenda zaidi: migomba kushoto na kulia, vilima vya Burundi kwa mbali, na kila baada ya hatua chache kuna mtu wa kusalimiana naye.

Ambacho sikukiandika ni kwamba miezi yote hii nimekuwa nikitembea na Beni tu.

Agness alikataa. Kila Jumapili nikimwita, jibu lilikuwa moja, kwa Kiswahili chake cha Tanga: "Mie siendi." Kisha anageukia ukutani. Nilimbembeleza. Nilimgombeza. Kuna siku nilimvalisha viatu kwa nguvu, akavivua mlangoni, akakaa chini sakafuni akiwa ameikumbatia miguu yake. Basi nikawa namwacha na mama mdogo wangu, anayekaa nyumba ya pili.

Nilijiambia kwamba anaililia bahari. Kuna Jumapili nilimwambia, na leo naona aibu kuandika hili, kwamba bahari haiwezi kuhamia Ngara kwa ajili yake.

Leo mama mdogo alikuwa amekwenda Bugarama kwenye ubatizo. Hapakuwa na wa kumwachia. Nilimweleza Agness hivyo, kwa kifupi, nikitegemea vita. Akavaa viatu kimya kimya.

Alitembea nyuma yetu, hatua kama kumi. Beni alikuwa mbele, anagawa shikamoo kwa kila kiumbe, hata kwa binti wa darasa la tatu aliyebeba ndoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti nzito kama bibi. Nilicheka. Nikageuka kumwangalia Agness kama naye amecheka. Alikuwa anaangalia chini.

Tulikuwa tumeshaipita miti ya kahawa pale kwenye kona wingu lilipotuzidi mbio. Kwanza upepo, ukayapasua majani ya migomba, halafu matone makubwa, halafu mawe. Mvua ya mawe kwa watoto waliolelewa Tanga ni kama mwisho wa dunia. Nilimnyakua Beni, nikamshika Agness mkono, tukakimbilia jiko la kwanza tuliloliona likifuka moshi pembeni mwa nyumba.

"Ingieni, ingieni, mutaroa," sauti ikatuita kutoka ndani.

Alikuwa bibi mmoja mwembamba, amekaa kwenye kigoda anapukuchua maharage kwenye ungo. Tukamwamkia, akaitikia, akatuonyesha mkeka, akajitambulisha kuwa anaitwa Generoza. Mawe yalikuwa yanagonga bati mpaka tukawa tunasikilizana kwa shida. Niliona akitazama mara moja nje, kwenye shamba lake la maharage ambayo bado yalikuwa machanga, yanavyolala chini. Yeye akawasogezea watoto ungo, akawaambia mgeni wa jikoni hali bure. Wakaanza kupukuchua.

Mawe yalipopungua akawauliza wanatoka wapi, maana Kiswahili chao kilimfurahisha. Beni akamwambia Tanga, kwenye bahari. Bibi akasema yeye bahari hajaiona tangu azaliwe, akamgeukia Agness amweleze ilivyo. Nikajiandaa kujibu mimi, kwa sababu nilijua Agness hatajibu.

Akajibu. Akamweleza kwamba maji yanakwenda mbali halafu yanarudi, na yakiwa mbali unaweza kutembea yalipokuwa. Akasema walikuwa wakienda na baba kila Jumapili. Kisha, bila kuinua macho kutoka kwenye maganda ya maharage:

"Ila ile ya mwisho sikwenda. Beni alikuwa na homa, baba akaniita mimi. Nikamwambia sitaki, naangalia katuni. Akaenda peke yake. Halafu Jumanne akafa."

Alilisema hilo kwa sauti ile ile aliyoelezea maji.

Mwaka mzima na zaidi mtoto huyu amelala chumba kimoja nami, na hili lilikuwa ndani yake. Bibi Generoza alinitazama tu. Akaendelea na maharage yake, na nikaelewa kwamba ananiachia nafasi.

"Agness," nikasema, "baba siku ile hakwenda."

Akaniangalia. "Wasema hivyo ili nisilie."

Nikamwambia hapana, na nikamsimulia kama nilivyoiona kwa macho yangu. Baba yake alikuwa ameshavaa raba. Alipokataliwa, alitoka mpaka uani, akaegemea ukuta kidogo, kisha akarudi ndani kumbembeleza tena. Akamkuta ameshalala pale pale kwenye mkeka, katuni inaendelea peke yake. Akavua raba. Akakaa chini, akakiweka kichwa cha binti yake mapajani. Mimi nilipotokeza kumwomba akaninunulie mkaa, aliweka kidole mdomoni kunizuia nisimwamshe. Alikaa hivyo mpaka giza likaanza kuingia, ndipo akamlaza taratibu kwenye mto. Alipoinuka, mguu wake ulikuwa umekufa ganzi.

Agness akaliweka chini ganda alilokuwa amelishika.

"Nilipoamka alikuwa anachechemea," akasema polepole. "Alikuwa anakwenda mezani anachechemea. Nilidhani kaanguka huko njiani kwa kuwa alikuwa peke yake."

"Ilikuwa ganzi," nikamwambia. "Na alikuwa anacheka, unakumbuka?"

Akatikisa kichwa kwamba anakumbuka. Ndipo akalia. Alilia kama alivyokuwa akilia alipokuwa mdogo, kwa mwili mzima, na nilimshika mpaka blauzi yangu ikalowa pale mvua ilipokuwa haijafika. Bibi Generoza akaja akamfunika mgongo kwa kanga yake, akamwambia neno moja la Kihangaza ambalo mama yangu alikuwa akiniambia mimi nikiumwa, maana yake tulia. Halafu akatugeuzia ndizi kwenye makaa, kana kwamba kila Jumapili watu huja kulia jikoni kwake.

Tulirudi jua likiwa limetoka kidogo. Mawe yalikuwa bado yamelundikana meupe kwenye mashina ya migomba, na Beni akataka kuyaonja yote. Agness alitembea kando yangu. Karibu na mjini, bila kuulizwa, akaniambia walichokuwa wakizungumza huko ufukweni: baba alikuwa akiwaambia wachague nyumba, kila mmoja aseme angeishi katika ipi na angemkaribisha nani. Baba kila mara alichagua ile iliyoezuliwa paa, kwa sababu alitaka kuitengeneza. Nilicheka peke yangu barabarani mpaka mama mmoja muuza nyanya akanitazama.

Namshukuru Mungu kwa mambo ya ajabu leo. Kwa ubatizo wa Bugarama. Kwa mvua ya mawe, ingawa naomba maharage ya bibi yule yainuke. Jumamosi tutampelekea mbegu, na Agness amesema yeye ndiye atakayezibeba.

Jambo moja limebaki, na sitaki kulificha. Kila mtu husema Beni hana shida, Beni alikuwa mdogo, Beni amesahau. Nami nimelisema hilo, ofisini, kanisani, kwenye simu. Leo dada yake alipokuwa analia, nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikuwa anapukuchua maharage harakaharaka, ganda moja baada ya jingine, hakuinua kichwa hata mara moja.

Tangu Jumanne ile sijamwuliza yeye swali lolote kuhusu baba yake.

Kesho asubuhi nitamwomba mama mdogo amsindikize Agness. Mimi na Beni tutatoka mapema, wawili tu, na tutapita njia ndefu ya kwenda shule.