Mfano wa Lango

Baba mpendwa,

Mwangaluka. Natumaini mguu umepungua kuvimba na Mama bado anakuficha chumvi. Mimi mzima, isipokuwa nyuzi nne juu ya jicho la kushoto. Ningepiga simu, lakini ningekata kabla sijamaliza.

Unajua Padre aliniomba nitafsiri mahubiri kwa Kisukuma, kwa ajili ya wafugaji wenzetu waliohamia huku bonde la Momba. Nilifanya kama nilivyokuona ukifanya kigangoni kwetu: usiwape maneno matupu, wape mfano.

Ilikuwa misa ya kumwombea Masanja, aliyepigwa hadi kufa baada ya ng'ombe wake kuingia kwenye mpunga wa watu. Aliyemuua hajajulikana. Padre alieleza toharani: roho inatakaswa, nasi tunaisaidia kwa sala; tena akakataza kisasi. Niliona nyuso hazijaelewa, nikachukua mfano wako wa lango, ule ulioutoa kwenye hadithi za Bibi. Marehemu amesimama langoni mwa boma, haingii mpaka watu wake wamalize shauri lake. Wakalia wote. Niliona fahari, Baba. Habari ya sala na kisasi sikuirudia, Padre alikuwa ameshasonga mbele.

Nje, Jilala, mdogo wa marehemu, alinisubiri.

"Mwalimu, kwa hiyo kaka hajaingia?"

"Bado."

"Anatusubiri sisi?"

Nikamwambia ndiyo, nikaenda kunywa chai.

Jumanne asubuhi nikiwa darasani, bodaboda ilisimama uwanjani. Nyuma alishikiliwa Mzee Sichone, Mnamwanga mwenye shamba lile la mpunga. Sikio lilining'inia kwa ngozi. Bega lilikuwa wazi hadi mfupa. Mkono wa kushoto alikuwa ameuinua kujikinga panga, na vidole vitatu vilibaki shambani. Nilimfunga kwa kanga, damu ikapita kanga ikajaa kwenye viatu vyangu. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia, amemkosea nini yule kijana.

Jilala hakukimbia. Polisi walimkuta anaosha panga kwenye maji ya mpunga. Aliwaambia Kanisa limesema kaka yake yuko nje, naye amemfungulia.

Kesho yake vijana wa Sichone walichoma nyumba tatu za wafugaji. Walikata ndama mishipa ya miguu, wakawaacha wanalia. Mzee mmoja wetu alivunjwa taya kwa mpini wa jembe. Kisha wakaja kigangoni na dumu la petroli, kumtafuta padre anayetuma watu kuua. Padre alikuwa ndani. Nikasimama mlangoni.

"Sogea, mwalimu," mmoja akasema, "au tukuchome pamoja na bwana wako."

Wenzake wakacheka. Jiwe likanipata juu ya jicho. Nikawaambia, damu ikinichuruzika mdomoni, alichosema Padre na nilichosema mimi, neno kwa neno. Mtoto mkubwa wa Sichone alinitaka nirudie. Nikarudia. Akamwaga petroli miguuni pangu, dumu zima, na kiberiti kilikuwa mkononi mwake. Kisha akakitupa kando.

"Basi vidole vya baba ni vyako," akasema. Wakaondoka.

Wiki iliyofuata nilimpeleka mama yake Masanja hospitalini Tunduma. Alitaka kumwona mtu aliyekatwa na mwanawe. Hajui Kiswahili. Mzee Sichone alinitazama mimi kwanza, kwa muda, kisha akamtazama yeye.

"Mwambie sikumuua mwanae. Siku ile nilikuwa Nakonde, kwa dada yangu."

Nilimwambia. Sikuongeza neno.

Mama akainama akashika ule mkono uliofungwa bandeji. Baadaye, tukiwa njiani, akaniuliza: "Sasa mwanangu Masanja yuko wapi?" Nilitafuta mfano, nikauzuia. Nikamwambia tumwombee, Padre alisema hivyo tu. Akaniomba nianze.

Msalimie Mama, umfiche habari ya nyuzi. Msalimie kaka Maduhu anayechunga ng'ombe zenu, na shangazi Holo, mwimbaji wako wa kwaya. Bibi sina la kumlaumu. Alikuwa anawasimulia wajukuu tu.

Lakini wewe, Baba, unasimama mbele ya watu kila Jumapili. Mfano wa lango usiutoe tena. Na kama umeshautoa mwaka huu, nenda kawatafute waliokuwepo, nyumba kwa nyumba, hata kwa mguu huo.

Bintiyo anayekupenda,
Minza